Chris Smith: Fundi wa motaboti za mbio aliyeikumbuka familia

CHRISTOPHER Columbus Smith alipofariki mwaka wa 1939 akiwa na umri wa miaka 78, maelfu ya motaboti nchini Marekani zilikuwa zimekwisha kupewa jina lililotokana na lake. Wengi walioendesha boti hizo za Chris-Craft siku za mapumziko, mke na watoto wakiwa wameketi nyuma yao, hawakujua kwamba fundi huyo kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ameunda vyombo vya aina nyingine kabisa. Vilikuwa vyombo vya mbio, vyenye nafasi ya dereva na fundi wa injini, vilivyovunja rekodi na kutoboa mifuko ya waliovigharamia.

Maisha yake yanastahili kukumbukwa na yeyote anayewazia kununua boti ya kasi kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Mnunuzi wa leo hujiuliza ni kasi kiasi gani inayofaa, na ni utulivu kiasi gani asioweza kuuacha. Smith alilijibu swali hilo kwa randa na msumeno, na alikuwa amefikisha miaka 60 alipolipatia jibu.

Alizaliwa mwaka wa 1861 katika jimbo la Michigan, na maisha yake yakafungamana na Algonac, mji mdogo ulio kando ya Mto St. Clair. Mto huo hutenganisha Marekani na Canada, na huteremsha maji ya Ziwa Huron hadi Ziwa St. Clair, juu kidogo ya jiji la Detroit. Unapokaribia ziwa hilo la chini hugawanyika kuwa vijito vingi vyenye matete na vinamasi, mahali ambapo bata mwitu hutua kwa makundi makubwa wakati wa kuhama.

Chris na ndugu yake Henry walipata riziki yao katika vinamasi hivyo. Waliwinda bata, na waliwaongoza wawindaji matajiri waliofika kutoka mijini. Walichonga sanamu za bata za kuwavutia ndege halisi, na waliunda mashua ndogo za kuwindia. Haikupita muda kabla ya wageni kuanza kuulizia mashua zenyewe, na kazi iliyokuwa ya ziada ikageuka kuwa kazi kuu.

Mashua ya kuwindia bata haina mchezo. Sharti iwe nyepesi ili mtu mmoja aweze kuivuta juu ya matope, na ipite katika maji ya kina kifupi. Zaidi ya hayo, inapaswa kutulia pale mtu anapoinuka ghafla na kufyatua bunduki. Fundi aliyeanzia hapo alijua kusoma umbo la chombo na mahali uzito unapokaa kabla hajagusa injini. Elimu hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye.

Injini za petroli zilipoanza kupatikana mwishoni mwa karne ya 19, Smith alikuwa miongoni mwa waliozifunga katika mashua za mtoni. Mwanzoni zilikuwa dhaifu na zenye kusumbua, lakini aliona haraka kwamba injini peke yake haiwezi kuipa mashua kasi. Mashua ya kawaida huyalima maji kama plau inavyolima shamba, na kadiri nguvu inavyoongezwa, ndivyo inavyozidi kusukuma wimbi kubwa mbele yake. Ili ipate kasi ya kweli, sharti chombo kipande na kuteleza juu ya maji.

Njia moja ya kukipandisha ilikuwa kuchonga kidato chini ya tumbo lake. Kidato hicho huruhusu hewa kuingia kati ya ubao na maji, hivyo sehemu inayogusa maji hupungua na mkokoto hupungua pia. Katika maji tulivu, mashua ya namna hiyo hukimbia kwa urahisi wa ajabu. Katika mawimbi mambo hubadilika. Chombo hurukaruka na kujibamiza, hukata kona kwa taabu, na aliye ndani huchubuka mbavu. Dereva wa mbio huyavumilia hayo kwa sababu anafuata kombe. Mama aliyempakata mtoto hana kombe analolifuata.

Mbio ndizo zilizomwinua Smith kutoka kuwa fundi wa kijijini. Karibu na mwaka wa 1910 alishirikiana na John Ryan, tajiri kutoka Cincinnati aliyependa sana kamari. Kutokana na ushirika huo zilizaliwa mashua za Reliance na Baby Reliance, ambazo kufikia mwaka wa 1912 zilikuwa zikitajwa kila mahali penye mashindano. Wapo waliotamani kujua ni nani huyo aliyejificha katika mji mdogo wa mtoni na kuwashinda waunda mashua wa New York.

Utajiri wa mcheza kamari ni kama povu la bahari. Ryan alifilisika, na Smith akabaki na sifa tele na deni tele. Aliyemfuata alikuwa James Stuart Blackton, mmoja wa waanzilishi wa sinema nchini Marekani. Mwaka wa 1914 mashua ya Smith, Baby Speed Demon II, iliyoandikishwa kwa jina la mke wa Blackton, Paula, ilishinda Kombe la Dhahabu, ambalo lilikuwa taji kuu la mashua za kasi nchini humo. Lakini huyo naye hakuwa mteja wa kudumu.

Mwaka wa 1915 wapenzi wa mashua wa Detroit walichanga fedha na kumwagiza Smith awaundie chombo chao. Kikaitwa Miss Detroit, nacho kikanyakua Kombe la Dhahabu katika ghuba ya Manhasset, New York. Yasimuliwa kwamba katika mbio hizo dereva, Johnny Milot, alilemewa na kichefuchefu kwa jinsi mashua ilivyorushwa, hata fundi wa injini, Jack Beebe, akalazimika kuushika usukani. Kombe lilifika Detroit. Hata hivyo, chama kilichoigharamia mashua hiyo kilikuwa kimejitwisha madeni, na mwaka uliofuata kikaiuza.

Aliyeinunua alikuwa Garfield Wood, maarufu kama Gar Wood. Huyu alikuwa ametajirika kutokana na mtambo wa kuinua kitanda cha lori ili kumwaga mzigo, mtambo ambao Wakenya wanauona kila siku katika malori ya tipa yanayobeba mchanga. Wood hakuishia kununua mashua. Alinunua pia hisa katika karakana ya Smith mwenyewe, na kwa miaka michache wawili hao hawakuwa na mpinzani. Miss Detroit II ilitwaa Kombe la Dhahabu mwaka wa 1917, na Miss Detroit III ikafuatia mwaka wa 1918 na 1919.

Kilele kilifikiwa mwaka wa 1920. Mashua ya Miss America, iliyotoka Algonac, ilifungwa injini mbili za ndege aina ya Liberty zilizobuniwa kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila injini ilikuwa na silinda 12 na ujazo wa takriban lita 27, yenye nguvu za farasi zipatazo 400. Gar Wood aliivusha Atlantiki hadi Uingereza, na karibu na Cowes akaitwaa tuzo ya kimataifa ya Harmsworth. Kando yake alikuwa Jay Smith, mwana wa Chris, akiwa fundi wa injini. Mwezi Septemba mwaka huohuo mashua hiyo ilikimbia kiasi cha kilomita 120 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia majini.

Kwa mtu mwingine, hapo ndipo penye mwisho wa hadithi. Smith alikuwa amefikia ukingo wa kile ambacho mbao na petroli ziliweza kutoa wakati huo. Lakini tangu enzi za Ryan, mkate wa nyumba yake ulikuwa umetegemea hamu ya tajiri mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alipochoka au kuanguka, karakana ilitetereka na mafundi wakasubiri mishahara. Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Smith alikuwa amekaribia kuyathibitisha maneno hayo mara tatu.

Isitoshe, mashua za mbio hazikuwa na soko nje ya mbio. Injini za Liberty zilikunywa mafuta kupita kiasi, zilihitaji fundi aketi kando yake muda wote, na hazikuacha nafasi ya abiria. Mwenye nacho aliweza kumiliki moja au mbili kwa ajili ya kujivunia. Daktari wa mjini, mwenye duka la vyuma au wakili mwenye watoto wanne hakuwa na la kufanya nazo.

Mnamo mwaka wa 1922, akiwa na umri ambao wengi hustaafu, Smith aliachana na Gar Wood na kuanzisha kampuni mpya pamoja na wanawe. Waliipa jina la Chris Smith na Wanawe, na jengo lake likasimama papo hapo Algonac. Jay, Bernard, Owen na Hamilton wote walishiriki katika biashara hiyo ya familia. Uamuzi huo ulikuwa na hatari yake. Wood alibaki na fedha, sifa na baadhi ya mafundi, na baadaye yeye mwenyewe akawa mshindani katika biashara ya motaboti.

Chombo walichokichagua kukiunda kilikuwa na urefu wa futi 26, yaani takriban mita 8, cha mbao za mahogani zilizopakwa vanishi. Hakikuwa na kidato chini. Tumbo lake lilichongwa kwa umbo la herufi V upande wa omo ili kukata wimbi, kisha likatandazwa polepole kuelekea nyuma ili chombo kipate kupanda na kuteleza. Kwa umbo hilo Smith aliisalimisha sehemu ya kasi aliyoijua, na badala yake akapata mashua inayokata kona kwa utiifu na kumrudisha abiria nchi kavu akiwa hana maumivu ya mgongo.

La pili lilikuwa injini. Baada ya vita, serikali ya Marekani ilikuwa na akiba kubwa ya injini za Curtiss OX-5, zilizotumika katika ndege za kuwafunzia marubani. Ziliuzwa kwa bei ya chini. Akina Smith walizinunua, wakazibadilisha ili zifae majini, na wakapata nguvu za farasi 90. Ukilinganisha na nguvu 800 za Miss America, hizo zilionekana kama mzaha. Lakini zilitosha kuikimbiza mashua yenye familia nzima ndani yake kwa mwendo uliowashangaza watu waliozoea kasia na mvuke, tena kwa gharama ya mafuta ambayo mtu wa kipato cha wastani aliweza kuifikiria.

La tatu lilikuwa nafasi. Viti vilipangwa mbele na nyuma ya injini, hivyo uzito wa injini ukakaa katikati na chombo hakikuinamia upande wowote. Watu hadi kumi waliweza kuketi. Usukani ulikuwa kama wa motokaa, na aliyejua kuendesha gari hakuona ugeni. Fundi wa kuketi kando ya injini hakuhitajika tena. Nafasi yake ilichukuliwa na mke, mtoto au jirani.

La nne, ambalo huenda ndilo lililokuwa na uzito zaidi kuliko yote, ni kwamba waliunda mashua ileile tena na tena. Kabla ya hapo, mashua nyingi ziliundwa moja moja kwa agizo la mteja, kila moja na vipimo vyake. Detroit ilikuwa karibu, na Henry Ford alikuwa amekwisha kuuonyesha ulimwengu faida ya kurudia kazi moja. Akina Smith walikata mbao kwa vielelezo vilivyofanana, kazi ikaenda haraka, bei ikashuka, na mwenye mashua iliyovunjika akajua anaweza kupata kipande cha kuifaa.

Mwaka huo wa 1922 wasimamizi wa Kombe la Dhahabu nao walibadilisha kanuni zao. Walipiga marufuku mashua zenye vidato, na wakaweka mpaka wa ukubwa wa injini usiozidi lita 10 hivi. Nia ilikuwa kukomesha utawala wa Gar Wood na kuwarejesha mashindanoni watu wenye mashua za kawaida zaidi. Kombe likaenda kwa mashua iliyoitwa Packard Chriscraft, kazi ya mikono ya Smith. Hivyo yule aliyeonekana kuyapa mbio kisogo alishinda tena, safari hii akiwa na chombo kilichokaribiana na kile alichowauzia wananchi.

Kampuni ilianza kutumia jina la Chris-Craft kwa mashua zake, na mwaka wa 1930 ikalichukua kuwa jina lake rasmi. Mwaka wa 1927 ilitoa mashua ndogo zaidi ya futi 22, iliyoitwa Cadet, kwa ajili ya waliokuwa hawaimudu ile ya futi 26. Ilikubali pia malipo ya awamu, sawa na yalivyokuwa yakifanywa katika biashara ya magari. Mwenye mshahara wa wastani aliweza kuondoka na mashua leo na kuimaliza kulipia baadaye.

Hapa ndipo palipo na funzo la maisha ya mzee huyu kwa mnunuzi. Smith hakuwa mtu aliyeiogopa kasi. Hakuna aliyeijua zaidi yake. Lakini alipoketi kuunda mashua ya familia, hesabu yake ilianza na walioketi ndani: ni wangapi, wana uzito gani, watakaa wapi, na maji watakayoyapita yana mawimbi ya kiasi gani. Baada ya hapo ndipo alipochagua umbo la tumbo, kisha upana, na mwisho kabisa akatafuta injini ya kuusukuma mzigo huo. Mnunuzi anayeanza na injini huwa ameushika mkia badala ya kichwa.

Ubora wa mpangilio huo unaonekana katika mambo madogo. Boti iliyojaribiwa na muuzaji akiwa peke yake hupanda juu ya maji kwa wepesi. Ikipakiwa watu sita, tangi la mafuta likiwa limejaa na kapu la chakula likiwekwa nyuma, huenda isipande kabisa. Chombo chembamba huenda kasi lakini huyumba watoto wanapohamia upande mmoja. Ubavu mfupi hupendeza macho bandarini, lakini huingiza maji wimbi likija kwa ubavu. Injini kubwa kupita uwezo wa chombo hukilemea kwa nyuma na kukiinua omo, hata nahodha asione kilicho mbele yake.

Upo pia usalama wa mafuta. Injini ya petroli iliyofunikwa ndani ya mashua huweza kuvujisha mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini katika ngama. Cheche moja hutosha kuleta maafa. Ndiyo maana mwenye boti ya namna hiyo hufundishwa kufungua kifuniko, kunusa na kupitisha hewa kabla ya kuiwasha. Kasi yoyote haina maana kwa anayepuuza jambo hilo.

Mafanikio ya akina Smith hayakukosa dosari. Kati ya 1920 na 1933 pombe ilikuwa marufuku Marekani, na Canada ilikuwa ng'ambo tu ya mto. Mashua za kasi zilitumiwa na walanguzi waliovusha pombe usiku, na vilevile na maafisa waliowafukuza. Chombo kilichokusudiwa kwa mandari ya Jumapili kiliweza kubeba makreti badala ya watoto, na mwundaji hakuwa na njia ya kuzuia.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa mdororo wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Mashua ya starehe ndiyo ya kwanza kufutwa katika bajeti ya nyumba. Mauzo yaliporomoka, wafanyakazi wakapunguzwa, na mwaka wa 1937 mgomo ukazuka katika kiwanda cha Algonac hadi wafanyakazi wakapata chama cha kuwatetea. Kijiji kilichowahi kufahamiana kwa majina kilijikuta kimegawanyika kati ya mwajiri na mwajiriwa. Hata hivyo, kampuni haikuanguka. Tofauti na siku za Ryan, sasa ilikuwa na wateja wengi wadogo, na kupotea kwa mmoja hakukuwa kupotea kwa wote.

Smith aliuona mwanzo wa kuinuka tena kabla ya kufariki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda alichokiacha kiliunda maelfu ya vyombo vya kuteremshia wanajeshi ufuoni. Mwaka wa 1960 familia iliiuza kampuni kwa dola milioni 40 za Marekani, fedha ambazo mchonga sanamu za bata wa Algonac asingeweza kuziota.

Mwaka huohuo wa 1960, Mmarekani mwingine, Raymond Hunt, aliipeleka mbele kazi ya Smith. Mashua aliyoibuni, iliyokuwa na umbo la V lenye kina kutoka omo hadi nyuma kabisa, ilishinda mbio za baharini kati ya Miami na Nassau katika mawimbi makali. Umbo hilo limeenea katika boti nyingi za kasi za baharini tangu wakati huo. Lina gharama yake, kwa kuwa linadai nguvu zaidi za injini na huyumba kiasi likiwa limesimama. Anayesafiri ziwani penye maji tulivu huenda asilihitaji, ilhali anayevuka mkondo wenye bahari chafu atalishukuru.

Wanaotumia boti za kasi huko Lamu, Mombasa au Kisumu hawanunui mahogani ya Algonac. Boti zao nyingi ni za faiba, na injini huning'inia nyuma. Lakini hesabu ya mzee Smith haijachakaa. Abiria huhesabiwa kwanza, maji hutazamwa pili, na injini huja baadaye. Yeye alipitia makombe, madeni na matajiri watatu ili aifikie, na aliifikia mapema vya kutosha kuwaachia wanawe kazi ya kudumu.